Uzuri wa Mkakasi: Motokaa ya Kale katika Njia ya Kajiado

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Maneno haya ni ya zamani kuliko motokaa, walakini mtu apitaye Kitengela na kuchungulia katika viwanja vya mafundi aweza kudhani kwamba yalitungwa kwa ajili ya magari. Maana huko ataona motokaa ya kale, pengine Peugeot au Volkswagen, imepakwa rangi mpya inayong'aa kama kioo, na viti vyake vimeshonwa ngozi safi. Naye mwenye gari amesimama kando yake, mikono kiunoni, akingoja fundi amwambie kwa nini haliondoki.

Wako watu wengi siku hizi wanaopenda kuyafufua magari ya baba zao. Jambo hili si la kuchekwa. Gari la kale ni ukumbusho wa nyakati zilizopita, na tena ni shule, kwa kuwa sehemu zake zote huonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono. Lakini ni shule yenye karo kubwa, na mwanafunzi asiyesikiliza huweza kulipa kwa maisha yake. Kwa hiyo yafaa tuyatazame matatizo yake moja moja, na sababu zake, na namna ya kuyatanguliza yale yanayostahili kutangulizwa.

Mji wa Kitengela uko katika uwanda wa Athi, kilometa 30 hivi kusini ya Nairobi. Kutoka hapo njia ya Namanga huenda kusini, ikapita Isinya, na baada ya kilometa 50 hivi ikafika Kajiado, mji ambao jina lake latokana na neno la Kimasai Olkejuado, yaani mto mrefu. Njia ni ya lami, na mtu mwenye gari jipya huimaliza kabla hajamaliza mazungumzo na mwenziwe. Lakini kwa gari la kale njia hiyo ni mtihani. Jua ni kali, miti ya kivuli ni michache, malori yaendayo Tanzania hayana subira, na kati ya mji na mji mna mwendo mrefu wa nyika pasipo gereji.

Tena nchi hii ya Kajiado imeyajaribu magari kwa muda mrefu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yakapata sifa ya kuvunja magari kuliko mashindano mengi ya dunia. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hiyo pia yakarudi 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Baadaye, katika miaka ya 1990 hata mwaka 2002, magari ya Safari yalishindana katika njia za vumbi za Kajiado, kama vile Orien na Elangata Wuas, ambako mawe na udongo mweusi havikumheshimu mtu kwa jina lake. Na tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano mengine, ya magari ya kale tu, ambayo huwaleta Afrika ya Mashariki madereva wa nchi nyingi.

Katika habari hizo zote liko somo moja. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo ambayo haikuwa mpya bali ilikwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva mashuhuri. Alijua gari lasema nini kabla halijanyamaza.

Basi, msomaji na amfikirie mtu mmoja wa Kitengela, ambaye tutamwita Mwalimu Fulani. Amestaafu, amepokea kiinua mgongo chake, na binti yake ataolewa huko Kajiado baada ya miezi sita. Mwalimu akanunua Peugeot 404 iliyokuwa imesimama miaka mingi chini ya mgunga, kuku wakitaga mayai ndani yake. Nia yake ilikuwa njema: kumpeleka binti kanisani katika gari kama lile alilopanda yeye mwenyewe siku alipokwenda kuanza kazi.

Wala hakuchagua vibaya. Gari hilo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na sababu moja ya kupendwa kwake Afrika ni kwamba silinda zake ni mikebe ya chuma inayoweza kutolewa na kutiwa mingine, hata injini ikafanywa upya pasipo mashine kubwa za mjini. Kosa la Mwalimu halikuwa katika kuchagua gari. Lilikuwa katika kupanga matumizi ya fedha. Kwanza alilipa rangi. Kisha akalipa viti, kisha nikeli ya bampa. Majirani wakasifu sana, kwa maana jirani huona rangi, haoni mipira ya breki.

Safari ya kwanza ya kujaribu gari ilikuwa ya kwenda Kajiado siku ya Jumamosi. Gari liliondoka vizuri, likaenda kilometa 20 hivi, na kabla ya Isinya likazima. Mwalimu akafungua boneti, akatazama, asione kitu. Baada ya robo saa akajaribu tena: likawaka kana kwamba halikupata kuugua. Likaenda kilometa 5, likazima tena. Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani, kwa vituo kumi na kitu, kama mzee apandaye mlima.

Ugonjwa huu wa kuzima na kupona ndio unaowapotezea watu fedha nyingi kuliko magonjwa mengine, kwa kuwa una sababu zaidi ya moja na dalili zake zafanana. Mwalimu alishauriwa na kila aliyepita. Mmoja akasema ni koili, akanunua koili. Wa pili akasema ni pampu ya petroli. Akaenda hadi barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, kwenye maduka ya spea, akanunua pampu. Wa tatu akasema ni kabureta. Vitu vitatu vilibadilishwa kwa siku moja, na gari likazima palepale lilipozoea kuzima.

Mwishowe alikwenda kwa fundi mmoja mzee wa jua kali, mtu wa maneno machache. Fundi hakushika spana. Aliuliza swali.

"Mwalimu, likizima, huzima ghafla kama taa, au hukohoa kwanza?"

"Hukohoa, Mzee. Hukohoa na kuvuta kwa kwikwi, halafu likafa."

"Basi hiyo si koili. Umeme ukikatika, gari hufa kama taa iliyozimwa. Likikohoa, lina njaa. Na njaa yake haianzi jikoni, yaanza ghalani."

Akachukua chupa safi, akaitia petroli, akaifunga juu ya injini kwa mpira mwembamba ulioingia katika kabureta, akakaa kando ya Mwalimu wakazunguka mji kwa uangalifu hata chupa ikaisha. Gari halikukohoa hata mara moja. Ndipo alipolishusha tangi. Ndani mlikuwa na kutu nyekundu kama udongo, pamoja na utomvu mzito, ambao ni petroli ya miaka mingi iliyoharibika. Gari likienda, uchafu ule ulivutwa hadi kwenye mdomo wa bomba ukauziba; gari likisimama, uchafu ukashuka chini tena, na njia ikafunguka. Ndiyo sababu gari lilipona kila lilipopumzika.

Hapa wako wengine ambao hupatwa na jambo jingine lenye dalili karibu sawa na hizo. Katika joto la mchana petroli yaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na injini, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kimo cha nchi huzidisha tatizo hilo. Kadiri mtu apandavyo kutoka pwani ndivyo vitu vya majimaji vichemkavyo kwa joto dogo zaidi. Maji yenyewe, ambayo Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, katika uwanda wa Kitengela huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Na hewa nayo ni nyepesi, hata injini iliyopimwa kwa kufaa pwani hunywa petroli nyingi mno huku juu, na plagi zake zikawa nyeusi kwa masizi. Asiyejua hayo huzilaumu plagi na kununua nyingine kila mwezi.

Tangi la Mwalimu lilitiwa changarawe na maji ya sabuni, likatikiswa, likasuuzwa mara nyingi, likakaushwa juani. Tundu dogo lilipoonekana, kijana mmoja wa kuchomelea alitaka kuliziba mara moja kwa moto. Fundi mzee alimkemea mbele ya watu, wala hakukosea. Tangi la petroli lililo tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa maana mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Tangi kama hilo lisikaribishwe moto kabisa mpaka lioshwe na kutayarishwa na mtu ajuaye kazi hiyo. Na asiyeijua heri anunue jingine.

Tatizo la pili lilikuwa joto. Watu hudhani kwamba gari huchemka likienda mbio. Gari la Mwalimu halikuchemka nyikani. Lilichemka liliposimama katika msongamano wa magari Kitengela, nyuma ya lori. Sababu yake ni nyepesi kwa mtu aijuaye Peugeot 404. Feni ya gari hilo haizunguki wakati wote; hushikwa kwa nguvu ya umeme injini inapopata moto, kisha huachiliwa. Njiani upepo hutosha kulipoza gari. Likisimama, pasipo feni, rejeta haina msaada. Waya mmoja mdogo wa feni ulikuwa umeliwa na kutu. Bei yake haikufika bei ya chakula cha mchana, lakini kama si waya huo kuonekana, kichwa cha injini kingepinda, na fedha za arusi zingekwenda huko. Na hapa yafaa kukumbusha jambo ambalo limewaunguza wengi: kofia ya rejeta yenye moto isifunguliwe kamwe. Mtu na angoje hata ipoe.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo lilionekana wiki tatu kabla ya arusi. Siku hiyo gari lilikwenda vizuri mpaka Isinya. Hapo kundi la ng'ombe likaingia barabarani, na mchungaji, kijana wa miaka kumi hivi, akalifuata nyuma. Mwalimu akakanyaga breki. Kanyagio likashuka mpaka chini, pasipo kitu. Akakanyaga tena, vilevile. Kwa bahati alikuwa akienda polepole. Alirudisha gia moja baada ya moja, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akaliingiza gari katika majani ya kando, likasimama hatua chache kabla ya kumfikia yule mtoto. Mtoto alicheka, kwa kudhani mzee yule amependa kuegesha majanini. Mwalimu hakucheka. Alikaa kitini muda mrefu, mikono yake ikitetemeka juu ya usukani.

Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mahali pamoja pakivuja, breki zote hupotea. Na kinachovuja si chuma, ni mpira. Mpira huzeeka hata kama gari halitembei, nao huzeeka zaidi kwa kusimama kuliko kwa kazi. Bomba la mpira laweza kupasuka. Au laweza kufura ndani hata mafuta yakapita kwenda na kukataa kurudi, ndipo gurudumu likabaki limeshikwa na kupata moto. Tena mafuta ya breki yenyewe hunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka mingi huliza kutu ndani ya silinda, na yakipata moto maji yale huchemka, na mguu wa dereva ukakanyaga mvuke. Dawa ya hayo yote yajulikana: kubadilisha kila mpira wa breki, kufungua na kusafisha silinda zote, na kutia mafuta mapya. Gharama yake kwa gari la Mwalimu ilikuwa ndogo kuliko gharama ya rangi.

Mipira iliagizwa, lakini haikufika kwa wakati. Hili nalo ni tatizo la kweli la magari haya. Sheria ya Kenya kwa kawaida haikubali kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo magari ya kale tuliyo nayo ndiyo yaliyobaki, na spea zake hupungua kila mwaka. Vingine hupatikana kwa gari lililokufa. Vingine hukerezwa na mafundi wa hapa kwa ustadi wa kusifiwa. Lakini mpira wa breki haukerezwi, wala haufai kutolewa katika gari lililokufa.

Jamaa walimsihi Mwalimu atie mafuta tu, akaze nati, aende polepole. "Ni kilometa hamsini tu," walisema. "Watu wote wanalingoja gari." Yeye akajibu, "Wanalingoja gari, hawangoji maiti." Siku ya arusi binti alikwenda kanisani katika Toyota ya mjomba wake, na Peugeot ikabaki Kitengela, rangi yake ikimeremeta juani bure. Watu wengine walisema maneno. Lakini yule kijana wa ng'ombe yu hai, na Mwalimu alijua thamani ya maneno ya watu.

Kwa mtu atakaye kufufua gari la kale, utaratibu wa mambo ni huu. Kwanza ni kusimama: breki, usukani na magurudumu, pamoja na tairi, ambazo huzeeka hata zikiwa na meno. Pili ni kula na kunywa: tangi, mabomba ya petroli, rejeta na mipira yake. Tatu ni umeme: waya zote, na hasa zile zinazofungwa katika bodi ya gari, ambazo kutu hupenda kuzila. Nne ni injini. Rangi na viti ni vya mwisho. Na katika kutafuta ugonjwa, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe. Abadilishaye vitu vitatu pamoja hatajua ni kipi kilichoponya, wala ni kipi kilichozidisha ugonjwa.

Liko pia jambo la petroli ya siku hizi. Zamani petroli ilitiwa risasi, nayo ilikinga viti vya vali katika injini nyingi za chuma cha kalibu. Risasi hiyo ni sumu, na hasa hudhuru akili za watoto; kwa hiyo nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipatana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba nchi ya mwisho, Algeria, nayo imeacha kuiuza. Hakuna wa kuisikitikia risasi. Lakini mwenye injini ya namna hiyo na apime nafasi za vali zake mara kwa mara, na siku ya kufungua injini atie viti vigumu vya vali.

Mipira ya Mwalimu ilifika mwezi mmoja baada ya arusi. Fundi mzee aliitia yote, akatoa hewa katika mabomba, akamwambia akanyage mara mia moja gari likiwa limesimama, huku yeye akitazama kila kiungo kwa tochi. Hakuna kilichovuja. Kesho yake, siku ya kazi, pasipo maua wala vigelegele, Mwalimu aliliendesha hadi Kajiado. Alichukua maji, spana, mkanda wa feni, kamba ya kukokotea na pembetatu nyekundu za kuonya wenye magari. Isinya alipunguza mwendo kabla ya kuona ng'ombe. Binti yake alipotoka nje na kuliona gari mlangoni, aliuliza kama limefika lenyewe au limekokotwa.

"Limefika lenyewe," akasema baba yake. "Na litasimama likiambiwa."